Picha Aliyoikosa Bwana Tulia

Jina lake la kuzaliwa wengi mtaani hawakulijua, na wachache waliolijua walikwisha kulisahau. Walimwita Bwana Tulia, kwa kuwa neno hilo ndilo lililomtoka kutwa nzima, tangu anafungua studio yake asubuhi hadi anashusha mlango wa chuma jioni. Tulia, mama. Tulia, mzee wangu, kidevu chini kidogo. Wewe kijana, tulia, unapigwa picha, hupigwi sindano. Alikuwa na kamera kubwa juu ya miguu mitatu, stuli ya mbao isiyo na mgongo, na mapazia mawili ya nyuma, jeupe la picha za pasipoti na la buluu la picha za familia. Ukutani palikuwa na kioo kilichopasuka kona moja, na kila mteja alijitengenezea kola humo kabla ya kukaa.

Alikuwa fundi kwelikweli, alilijua hilo, na hakuona haya kulisema. Studio nyingine zilitoa picha za watu waliofumba macho au waliofungua mdomo nusu, nao wateja wakazipokea kwa kununa. Yeye alingoja. Kitoto kichanga kililia mpaka kikachoka, mzee mwenye mkono wa kutetemeka alitetemeka mpaka ukapoa, na Bwana Tulia alikuwa pale pale nyuma ya kamera, kidole tayari, kama paka mbele ya tundu la panya. Alipenda kusema kwamba kila mtu ana sekunde yake ya kutulia, na kazi yake yeye ni kuikamata. Hapo hakukosea. Ila miaka yote hiyo ya kukamata sekunde za watu ilimtia imani nyingine ambayo hata yeye hakuwahi kuitamka, kwamba aliyeweza kutulia sekunde moja anaweza kutulia saa nzima, akitaka. Dereva au muuza duka asingepotea kwa njia hiyo. Ilitaka mpiga picha.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa sebuleni, dirishani, na nyumba nzima ilizoea ngurumo yake. Walipata mtoto mmoja tu, wa kike, wakati wao wenyewe wamekwisha kukata tamaa na majirani wamekwisha kuacha kuuliza.

Mtoto huyo alikuwa na kichwa chepesi cha kutisha. Kabla hajaanza shule alisoma vibao vya maduka yote ya mtaa, na akiwa studio alisoma maandishi ya fulana za watu kwenye filamu, yaliyogeuka kinyumenyume, bila hata kuinamisha shingo. Hesabu ndiyo usiseme. Wateja walimchokoza kwa kumtajia namba azizidishe kichwani huku wao wakizizidisha kwenye karatasi, na kabla kalamu haijafika mwisho mtoto amekwisha kujibu na kuondoka zake. Shangazi yake, dada mkubwa wa Bwana Tulia, mwanamke ambaye mdomo wake haukupumzika hata akiwa na homa, ndiye aliyemwita Profesa. Aliita kwa utani, lakini jina likaganda.

Mahali ambapo Profesa alipapenda kuliko pote duniani ni chumba cha giza, kijichumba cha nyuma ambamo baba yake alisafishia picha chini ya balbu nyekundu. Kazi yake humo ilikuwa kuhesabu sekunde kwa sauti, karatasi ikiwa ndani ya dawa. Saa ilikuwepo, lakini Bwana Tulia aliacha kuitazama kwa kuwa mtoto hakukosea. Alihesabu, na sura za watu zikapanda polepole kwenye karatasi, kwanza nyusi, kisha macho, na wawili hao wakazikisia ni za nani. Kama Bwana Tulia aliwahi kuwa mtu mwenye raha, basi ilikuwa mle ndani, kati ya harufu ya dawa na sauti ya mtoto ikihesabu.

Ilianza na macho. Profesa alipepesa, akapepesa, na mama yake akadhani ni vumbi la vitambaa. Macho yakaacha, shingo ikaanza kurushwa upande, kama mtu anayeondoa nywele usoni, naye nywele zake zilisukwa zikabana. Kisha bega. Kisha mlio, mfupi, wa kooni, kama mbwa mdogo aliyekanyagwa mkia. Ukampata mezani, ukampata darasani, ukampata msibani kwa jirani, ambako watu wote waligeuka. Na si hayo tu. Alishindwa kupita mlangoni bila kugusa mwimo wa kulia na wa kushoto, na kama mguso mmoja haukuwa sawa na mwenzake alirudi kuanza upya huku machozi yakimtoka. Akirudi shule alirusha mkoba, akapiga mateke viti, kisha akalala chini ya cherehani ya mama yake mpaka hasira impoe. Mama yake aliendelea kushona kwa makusudi. Chini ya ngurumo ile mtoto alipata kubweka atakavyo.

Watoto wa mtaani walimwita Umeme. Watu wazima walisema kadekezwa, mtoto wa uzeeni, wazazi hawana ubavu wa kumkanya. Bwana Tulia aliyasikia, na yalimchoma, maana alikuwa mtu wa kujivunia.

Siku moja shule ilitaka picha ndogo ya kila mwanafunzi. Bwana Tulia alimkalisha binti yake kwenye stuli, pazia jeupe nyuma, akajiandaa kungoja sana.

"Tulia, mama," alisema. Alimwita mama kwa kuwa mtoto alibeba jina la bibi yake mzaa baba.

Profesa akatulia. Uso ulishuka ukawa laini, shingo ikasimama, macho yakakaa kwenye lenzi bila kupepesa. Bwana Tulia alipiga moja, akapiga ya pili, akapiga ya tatu kwa mshangao tu. Kisha mtoto akaruka kutoka kwenye stuli, akakimbilia nyuma ya pazia, na pazia likawa linatikisika na kutoa milio kama kuna kuku watatu wanapigana ndani yake. Bwana Tulia hakulitazama pazia. Alikuwa akiitazama stuli.

"Kumbe anaweza," alimwambia mkewe siku hiyo. "Nimemwona kwa macho yangu. Ni mazoezi tu."

Wakaanza mazoezi. Kila alasiri, baada ya shule, Profesa alikalishwa kwenye stuli mbele ya kamera isiyo na filamu. Baba alisimama nyuma ya kamera, kidole tayari, kama siku zote. Tulia, mama. Bado. Bado kidogo. Vizuri. Hakumpiga wala kumkaripia. Hilo halikuwa katika tabia yake, na baadaye hata kujipa lawama hiyo rahisi hakuweza. Alimsifu. Mtoto alimpenda baba yake, na akiwa juu ya stuli aliona uso wa baba ukiwaka kwa furaha ambayo hakuiona mahali pengine isipokuwa chumba cha giza. Akajitahidi. Akawa hodari wa kutulia kama alivyokuwa hodari wa hesabu.

Mkewe hakupenda. Alimwambia jioni moja, akikata nyuzi kwa meno, "Wewe unamwona akiwa kwenye stuli. Mimi namwona akishashuka."

"Atazoea."

"Jana kauma mto mpaka umepasuka, baba Profesa. Anarudi hapa kama chupa ya soda iliyotikiswa."

"Mama Profesa, dunia haitamvumilia. Bora ajifunze kwangu mimi kuliko kwa watu."

Mkewe akarudisha mguu kwenye cherehani. Ndivyo alivyofunga mazungumzo aliyoyachoka.

Ajabu ni kwamba mle chumba cha giza Bwana Tulia hakuwahi kumwambia atulie. Profesa alihesabu na kubweka, akahesabu na kurusha shingo, na kati ya mbweko na mbweko namba hazikupotea hata moja. Baba hakujali. Hakuna aliyekuwa akiwaona.

Basi mwalimu wake wa darasa, mwanamama mfupi aliyevumilia mengi, alikuja studio kusema kuna shule ya watoto wenye vipaji ambayo huchukua wachache kila mwaka. Hawasahihishi mitihani tu, alisema. Wanamwita mtoto, wanakaa naye, wanamuuliza maswali kwa mdomo, wanaona anavyofikiri. Alikuwa amekwisha kupeleka jina la Profesa, na limekubaliwa.

"Jambo moja tu," mwalimu alisema. "Ile hali yake. Niwaeleze mapema, ili wasishtuke?"

"Usiwaambie kitu, mwalimu."

"Nadhani ingemsaidia."

"Wakishaambiwa hawataona kingine. Atatulia. Mimi mwenyewe namfundisha."

Mwalimu alimtazama Profesa, aliyekuwa mlangoni akigusa mwimo wa kulia na wa kushoto. Akaaga. Baba ni baba.

Siku ya usaili Bwana Tulia alivaa koti lake la harusi za watu, lile la kupigia picha. Njiani alimshika binti yake mkono na kumwambia maneno ambayo baadaye aliyarudia moyoni mara zisizo na idadi, "Kama kwenye stuli, mama. Jione uko kwenye stuli yetu." Chumba kilikuwa kikubwa chenye meza ndefu. Walikaa watu watatu upande mmoja, Profesa upande wa pili, na mzazi akapewa kiti nyuma kabisa, ukutani. Kutoka pale Bwana Tulia aliona kisogo cha mtoto, shingo na mabega.

Shingo haikutikisika. Bwana Tulia aliikazia macho kama alivyokazia maelfu ya shingo, na kila dakika iliyopita alihisi kifua kikimpanuka. Waliuliza swali, mtoto akasema neno. Wakauliza jingine, kimya, kisha neno jingine. Mabega yamenyooka. Hakuna mlio. Mmoja wa wale watatu aliinama akauliza kitu taratibu, kwa huruma, lakini Bwana Tulia hakukisikia, kwa sababu hakuwa akisikiliza. Alikuwa akipiga picha.

Walipotoka nje, Profesa alitembea naye mpaka kona ya ukuta wa shule, akamwachia mkono, na mwili mzima ukamfumuka. Shingo, bega, mguu, milio mfululizo mpaka akakosa pumzi. Bwana Tulia alimkinga kwa koti ili wapita njia wasione. Alipotulia kidogo, mtoto aliinua uso uliolowa jasho.

"Baba, nilitulia?"

"Ulitulia, mama. Ulitulia sana."

Mwalimu ndiye aliyeleta jibu. Alisimama studio huku akizungusha kitasa cha mkoba wake na kuukwepa uso wa Bwana Tulia. Hawakumchukua. Walisema ni mtoto mwenye adabu, mtulivu ajabu, ila mzito. Maswali mengi alijibu hajui.

"Hajui nini?" Bwana Tulia aliuliza. "Maswali gani?"

Mwalimu akamtajia mawili matatu. Yalikuwa mambo ambayo Profesa alikuwa akiyajibu wakati miguu yake haijafika chini akiwa amekaa.

Bwana Tulia alimwita binti yake na kumuuliza yale yale. Alijibu huku akirusha shingo, hata swali halijaisha.

"Sasa mbona kule ulisema hujui?"

"Nilikuwa natulia," Profesa alisema. Alishangaa kuulizwa.

Baada ya hapo mkewe hakuomba ruhusa. Alifunga cherehani, akamchukua mtoto kwa daktari wa watoto katika hospitali kubwa, na Bwana Tulia akawafuata nyuma kama mtu aliyealikwa kwa bahati mbaya. Daktari alikuwa kijana mwenye mashavu ya kitoto. Alimsikiliza mama, akaongea na Profesa mwenyewe kwa muda mrefu, hata wakacheka, kisha akasema hali hiyo inaitwa Tourette, ni ya mishipa ya fahamu, mwili hujirusha na kutoa milio bila mtu kutaka, kwamba kugusa milango na ile hasira mara nyingi huambatana nayo, na kwamba hakuna aliyemdekeza mtu.

"Lakini anaweza kujizuia," Bwana Tulia alisema. "Nimemwona."

Daktari hakubishana. "Mzee, nitazame. Usipepese macho mpaka nikwambie."

Bwana Tulia alitazama. Maisha yake yote alikuwa amewaambia watu hivyo, na yeye hakuwahi kuambiwa. Mwanzo ilikuwa rahisi. Kisha macho yakaanza kuwasha, yakaunguza, yakajaa maji.

"Binti yako ana umri gani?" daktari aliuliza katikati. "Alizaliwa mwezi gani?"

Bwana Tulia alifungua mdomo na mwezi haukuja. Kila alichokuwa nacho kichwani kilikuwa kimekwenda machoni. Akapepesa, machozi yakamshuka mpaka kidevuni, na hapo akaiona tena ile meza ndefu na kile kisogo kidogo kilichonyooka. Alijifuta kwa mkono wa koti. Njiani kurudi mkewe angeweza kusema nilikwambia. Hakusema, na Bwana Tulia alitamani angesema.

Aliirudia ile shule peke yake. Alieleza yote, kofia mkononi. Mwalimu mkuu wao, mtu mzima mwenye miwani, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema nafasi zimejaa na umri wa mtoto utakuwa umepita mwakani.

"Mbona hamkutuambia?" aliuliza, bila ukali. "Tunao watoto wa kila namna hapa. Tungemwacha abweke zake na kujibu zake."

Profesa alisoma shule ya kawaida, darasa la kukaa wanne dawati moja. Jina la Umeme lilimfuata hadi huko, akapigana, akafukuzwa akarudishwa, mwaka mmoja aliumaliza nyumbani chini ya cherehani na vitabu vya kuazima. Alifika kwa njia ndefu, amechelewa, amechubuka. Lakini alifika. Leo anafundisha hesabu katika chuo kimoja mji mwingine, na inasemekana siku ya kwanza huwaambia wanafunzi wake kwamba atapiga kelele, wao waandike tu, na wakicheka wacheke mara moja wamalize. Shangazi aliwahi kwenda kumtazama, akarudi akimwigizia kila mtu ile shingo na ule mlio, akisema mtoto anabweka na kugeuka ubaoni kama hakuna kitu, na darasa zima linampenda. Bwana Tulia alimwomba arudie. Shangazi akarudia, tena kwa madoido.

Bwana Tulia mwenyewe hakuwa ameliona hilo. Kila alipokuja likizo Profesa alimbusu baba yake, akakaa naye sebuleni, na alikuwa ametulia. Kimya, shingo wima, mikono magotini, akiulizwa anajibu kifupi. Baada ya muda aliinuka, akaenda jikoni kwa mama yake, na kutoka huko Bwana Tulia alisikia mlio, na sahani, na mlio, na wanawake wawili wakicheka. Aliposimama mlangoni jikoni pakanyamaza. Mazoezi yale aliyaacha siku ile ile ya daktari, akamwambia binti yake wazi kwamba asijizuie tena. Haikusaidia kitu. Mwili wa binti ulikuwa umekwisha kujifunza baba ni nani.

Likizo iliyopita Bwana Tulia alimwomba waende studio. Simu zilikuwa zimeiua kazi, na mwisho wa mwezi angekabidhi funguo. Ukutani zilikuwepo picha za Profesa, moja kwa kila mwaka wa utoto wake, zote safi, zote zimetulia, na baba mtu alikuwa ameacha kuzitazama zamani.

"Nataka moja ya mwisho," alisema. "Lakini safari hii usitulie. Nataka ulivyo. Ikitoka imetikisika, itikisike."

Profesa alicheka kidogo, akakaa kwenye stuli. Bwana Tulia alisimama nyuma ya kamera, kidole tayari. Alingoja kwa subira yake yote. Binti alitazama lenzi, naye ametulia tuli. Jua likasogea kwenye pazia. Jasho likamtoka mpiga picha, kisha likamtoka mpigwa picha.

"Achia, mama. Nakuomba."

"Sijishikilii, baba," alisema kwa upole. "Inajishika yenyewe. Ukinitazama inajishika."

Bwana Tulia aliondoa kidole. Aliona jinsi misuli ya shingo ilivyokaza kwa ajili yake, akaona ilikuwa kazi ngumu kiasi gani, na kwamba binti aliifanya tangu utotoni, kila alipokuwa mbele ya macho yake.  Akamshika mkono, akampeleka nyuma.

Chumba cha giza kilikuwa kimejaa maboksi. Balbu nyekundu iliungua zamani. Bwana Tulia alisukuma maboksi wakapata pa kusimama, akafunga mlango, akaziba mwanga wa chini kwa koti lake.

"Hesabu," alisema.

Sauti ya binti yake ikaanza, ya mtu mzima sasa, lakini mwendo ulikuwa ule ule wa zamani, sekunde kwa sekunde. Alihesabu. Akaendelea. Kisha ukatoka mlio, mfupi, wa kooni, na boksi likaanguka kwa bega lake, na namba iliyofuata ikaja mahali pake sawasawa.

Bwana Tulia alisimama akisikiliza. Akanyoosha mkono kumtafuta, na shingo ikarushwa chini ya kiganja chake, ya moto, hai, ikarushwa tena. Hakuuondoa mkono. Aliyafumba macho, ingawa humo ndani haikuleta tofauti yoyote.

"Baba, niache kuhesabu?" binti aliuliza.

"Hapana, mama," alisema. "Hesabu."